Kuchambua shairi la dansi: sikiliza kwanza

Ukipewa shairi linalohusu kucheza dansi, lisome kwa sauti huku ukigonga meza kabla hujaanza kutafuta maudhui. Mwendo wa shairi la aina hii mara nyingi huigiza mwendo wa miguu.

Kisha hesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo (mstari wa shairi). Tuseme kila mshororo una mizani 16, 8 katika ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 katika utao (nusu ya pili): hapo unasikia hatua za kwenda na kurudi. Penye utajiri zaidi ni pale mpangilio unapovunjika. Mshororo mmoja ukipungukiwa, usikimbilie kusema mshairi kakosea. Jiulize kama angeweza kuujaza kwa mazida (kurefusha neno ili mizani itimie) na akaacha, halafu tazama kinachotokea hapo: je, mchezaji amejikwaa, amechoka, au ameachwa na mwenzake? Mishororo mishata, ile ambayo maana yake haikamiliki mpaka mshororo unaofuata, nayo hukimbiza pumzi ya msomaji, kama mzunguko wa kasi.

Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vitaje kwa kifupi tu. Kibwagizo kipe muda, kwa sababu maneno yale yale yanayorudi baada ya kila ubeti hubeba maana mpya kadiri hali ya wachezaji inavyobadilika.

Kwa upande wa maana, fuatilia vitenzi: nani anaongoza, nani anavutwa? Wanafunzi wengi huandika "furaha" na kuishia hapo, ilhali dansi hiyo hiyo yaweza kuficha hofu, mapenzi au ubabe.

Kwenye insha, unganisha: "Mizani inapungua katika ubeti wa tatu, mchezaji anapoanza kuchoka." Sentensi hiyo ina uchambuzi ndani yake, "Shairi lina mizani 16" ni maelezo matupu.