SOMO: Vikosi vya nje ya meza kwenye Warhammer 40,000 (ule mchezo wa vita wa mezani wa sanamu ndogo, yaani modeli), vinaingia lini na vinakaa wapi

Wakuu habari za leo. Jana tumecheza mechi mbili na zote zimesimama muda mrefu kwa ubishi uleule, mtu anatoa kikosi kwenye boksi anasema kinashuka hapa, mwenzake anakataa, vitabu vinafunguliwa, mara giza limeingia na hatujafika hata raundi ya nne. Imeniuma kwa kweli, ndo maana nimekaa niandike hili somo. Ni la toleo la 10 lile la mwaka 2023, matoleo ya nyuma yana tofauti zake msichanganye.

Shikeni hili kwanza: kikosi kilicho nje ya meza ni kama hakipo. Hakipigwi, hakipigi, hakihesabiki kwenye alama za kushikilia (zile sehemu za mezani mnazogombania), na uwezo wa kiongozi aliyemo humo hauwafikii walio mezani mpaka kadi yake (ile yenye sheria za kikosi) iseme wazi kwamba unafanya kazi hata akiwa nje.

Hatua ya 1, kabla ya kupanga majeshi. Kila mtu aandike kwenye karatasi yake vikosi gani anaviweka akiba, halafu mtangaze wote. Ukishatangaza hakuna kubadili eti umeona mwenzako alivyojipanga.

Hatua ya 2, jua akiba yako ni ya aina gani, maana hapa ndo wengi wanapotelea. Kuna wale wenye Deep Strike kwenye kadi, hao wanashuka popote mezani. Na kuna akiba ya kimkakati, karibu kikosi chochote kinaweza kuwekwa humo isipokuwa ngome, ila kila kikosi kina bei yake ya pointi na jumla isizidi asilimia 25 ya pointi za mechi, yaani mechi ya 2000 mwisho ni 500, na waliopanda gari lililowekwa humo nao pointi zao zinahesabiwa.

Hatua ya 3, subiri. Raundi ya kwanza hakuna kuingia, labda kadi yenyewe iruhusu. Kuanzia ya pili unaingiza, na ni mwishoni mwa hatua yako ya mwendo, ukishamaliza kusogeza wote walioko mezani. Ukianza kushusha watu halafu unakumbuka kuna gari hukulisogeza, basi tena, linabaki hapohapo.

Hatua ya 4, kupima. Hii nataka twende nayo polepole. Sheria inasema ZAIDI ya inchi 9 kutoka kwa kila modeli ya adui, kwa hiyo tepu ikisoma 9 kamili umekosa, sogea nyuma kidogo. Unapima ukingo wa kitako (kile kibao modeli inachosimamia) hadi ukingo wa kitako, sio kutoka kwenye ncha ya bunduki, na unapima kwa mlalo. Wa akiba ya kimkakati wana sharti la ziada, kikosi kizima kiwe ndani ya inchi 6 kutoka ukingo wa meza, ukingo wowote, ila raundi ya pili hamruhusiwi kuingia kwenye eneo alilojipangia adui, hilo linafunguka kuanzia ya tatu.

Kwa anayejilinda hesabu ndo hii: modeli zako mbili zikiachana inchi 19 katikati, modeli ya kitako cha milimita 32 haipati pa kusimama kwenye mstari kati yao, maana inataka 9 na ushee kila upande na kitako chenyewe kinakula inchi moja na robo. Kwa hiyo watu watano tu ukiwatawanya vizuri wanafunga kipande kikubwa cha meza ya 44 kwa 60.

Hatua ya 5, ukishaingia. Unahesabiwa umeshatembea, huongezi mwendo, na silaha zile nzito zinazotaka utulie hazipati ile nyongeza. Kupiga unapiga, kuchaji (kumkimbilia adui mpigane ana kwa ana, umbali unaamuliwa na dadu) unachaji, ila unahitaji 9 kwenye dadu mbili, ni matokeo 10 kati ya 36, karibu asilimia 28. Ukilipa pointi ya amri (hizi ni za kununulia mbinu, sio zile za bei ya kikosi) kurudia kurusha dadu inapanda hadi karibu 48. Mimi sipangi mechi nzima juu ya hiyo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, adui yangu yuko ghorofa ya tatu ya gofu, si naweza kushuka chini kabisa? Juu hadi chini ni mbali.

Jibu: Hapana kaka, ndo maana nimesema mlalo. Urefu wa kwenda juu hauhesabiki, hata angekuwa juu ya mnara.

Swali: Kikosi changu kina Deep Strike ila kiongozi niliyemuunganisha hana, inakuaje?

Jibu: Kila modeli kikosini lazima iwe nayo. Huyo mmoja akikosa wote wanakosa, labda uwapitishe akiba ya kimkakati, na hapo pointi zao zinaingia kwenye ile 25.

Swali: Samahani naomba kuuliza, naweza kuingia kwenye zamu ya mwenzangu? Jana nimefanyiwa hivyo nikahisi nimeibiwa.

Jibu: Hujaibiwa dada. Inaitwa Rapid Ingress, pointi moja ya amri, mwishoni mwa mwendo wa adui unaingiza kikosi kimoja, masharti ya kupima ni yaleyale na raundi ya kwanza haimo. Faida yake ni kwamba zamu yako ikifika kile kikosi kinatembea kama kawaida ndo kinachaji, ule mlima wa 9 haupo tena. Ila naye alikuwa na hatari yake, unaweza kumpiga na kumchaji kwenye zamu yako ileile kabla hajasogea.

Swali: Na nikishuka mwenzangu anaweza kunipiga palepale?

Jibu: Anaweza, kwa pointi moja ya amri, kikosi kimoja kilicho ndani ya inchi 24, ila risasi inapata dadu ikisoma sita tupu.

Swali: Nikisahau kuwaingiza je?

Jibu: Kwenye misheni za mashindano, raundi ya tatu ikiisha hawajaingia wanahesabiwa wamekufa. Wasioguswa na hilo ni waliokuwa mezani wakarudishwa akiba katikati ya mechi, hao ulizia mwenyewe kadi yao inasema nini.