Kumhudumia Mfiwa kwa Tiba ya Hipnosisi

Msiba huzidi uzito matanga yakishaanuliwa, majamvi yakakunjwa na wageni wakarudi makwao, kwani hapo ndipo mfiwa anapobaki na usiku usiokwisha. Akikujia wewe mshauri uliyefunzwa tiba ya hipnosisi, yaani kumtuliza mtu na kuielekeza akili yake kwa maneno, huenda anatarajia kusahaulishwa. Mweleze mapema kwamba hatamsahau marehemu wala hatalazwa usingizi: neno hipnosisi, lililoenezwa na daktari James Braid wa Scotland katika miaka ya 1840, lina asili ya Kigiriki yenye maana ya usingizi, lakini mhudumiwa hubaki akikusikia na anaweza kukataa lolote.

Kwanza muulize kuhusu usingizi, chakula na mawazo ya kujiua. Mwenye mawazo hayo, au anayeugua ugonjwa wa akili unaomtenga na uhalisia, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Mketishe kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikiwa sakafuni, kisha umwongoze kutoa pumzi taratibu kuliko anavyoivuta, na kulegeza misuli kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu. Mahali pa utulivu atakapopakumbuka apachague mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu hukimbilia kutaja ufukwe na mawimbi, na ukifanya hivyo mbele ya mjane ambaye mumewe alizama baharini, utakuwa umemtonesha kidonda. Yeye huenda akachagua jiko la mama yake, mkono ukiwa juu ya mbuzi ya nazi. Basi muulize anasikia harufu gani, na umwache akae humo.

Akishatulia, mwalike amwambie marehemu yale ambayo hakuwahi kumwambia. Usimtungie marehemu majibu wala usiulize maswali yenye jibu ndani yake, kwa kuwa katika hali hiyo dhana huweza kujichanganya na kumbukumbu, naye akaishika kuwa kweli. Akilia, mwache alie. Pumzi ikimpaa, mrudishe jikoni kwa mama yake.

Mrejeshe kwa kuhesabu polepole kutoka 1 hadi 5, umpe maji, na asiondoke wala kuendesha chombo chochote kabla hajachangamka kabisa. Utafiti kuhusu hipnosisi kwa wafiwa bado ni mchache, hivyo iambatane na ushauri nasaha wa kawaida, na kila mnapokutana tena anza kwa kumuuliza amelalaje.