Kushusha Gari Milima ya Uluguru: Mwongozo kwa Dereva wa Dar

Jamaa zangu wa Dar wakisikia naenda Mgeta, huuliza kama gari litapanda. Litapanda. Niulizeni namna ya kushuka.

Hatua ya 1: Gari
Likague siku mbili kabla, ukianzia mafuta ya breki. Yakizeeka hunyonya unyevu, na kwenye mteremko mrefu huchemka. Utakanyaga pedali na gari lisishike. Beba koleo, kamba ya kuvutia na kipande cha ubao cha kuwekea jeki, maana udongo ukiwa laini jeki huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Masika, Machi hadi Mei, usiende. Baki Dar ule samaki Feri.

Hatua ya 2: Njia
Ondoka kabla foleni ya Kimara haijaamka. Mpaka Morogoro ni lami, kama kilomita 190. Jaza tangi, shika barabara ya Iringa, na ukifika Sangasanga, karibu na Mzumbe, kata kushoto.

Hatua ya 3: Vumbi likianza
Simama. Shusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 25 ili tairi lijitandaze na kushika mawe badala ya kurukaruka. Ingiza foo-wili, magurudumu yote manne yavute.

Hatua ya 4: Kushuka
Kabla mteremko haujaanza, simama, ingiza lo, yaani gia nzito za foo-wili za mwendo mdogo, na gia namba moja. Gari likishaanza kutembea, toa mguu kwenye klachi na kwenye breki. Injini ndiyo itakayolishika. Itanguruma; iache ingurume. Likizidi kukimbia, gusa breki, achia, gusa tena.

Safari yangu ya kwanza nilishuka na gia ya tatu, mguu umekalia breki. Ikaja harufu ya kuungua, halafu pedali ikawa laini kama sponji. Nililiegemeza gari kwenye ngema, upande wa mlimani, likakwaruzika mpaka likasimama. Gunia la njegere la mama niliyempa lifti likaniangukia mabegani. Mama akauliza, "Tumefika, baba?"

Ukisikia harufu hiyo, pumzika nusu saa. Breki usizimwagie maji.

Hatua ya 5: Fuso za kabeji
Piga honi kila kona. Anayepanda mpe njia. Fuso yenye mzigo ikisimama mlimani haiondoki kirahisi. Ukilazimika kurudi nyuma, abiria ashuke akuelekeze.

Ukirudi kwenye lami, toa foo-wili, nenda taratibu mpaka kwa fundi pancha wa kwanza, urudishe upepo 35. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka.