Kwenda Nyumbani kwa Ndege ya Jeshi: Jinsi ya Kupata Kiti Kilichobaki

Vijana wetu walio kwenye jeshi la Marekani hunipigia simu na swali lilelile: "Mzee, ni kweli mtu anafika Ulaya bila kulipa nauli?" Ni kweli. Mimi ni mstaafu wa jeshi hilo, naishi Maryland, na mara nyingi nikienda Kenya naanzia Dover, Delaware, ndani ya ndege ya mizigo. Utaratibu wenyewe unaitwa Space-A, yaani nafasi ikipatikana. Ndege ina kazi yake. Viti vikibaki, hupewa wanajeshi walio likizoni, wastaafu na familia zao. Usitarajie kushushwa Nairobi. Utafika Ramstein, kituo cha ndege za jeshi la Marekani huko Ujerumani, halafu utajinunulia tiketi ya ndege ya kawaida kutoka Frankfurt hadi Nairobi.

1. Jua uko kundi gani. Makundi ni sita. La kwanza ni la wenye dharura, kama kufiwa na mzazi. Mwanajeshi aliye kwenye likizo ya kawaida yuko la tatu. Sisi wastaafu tuko la sita, mkiani kabisa. Ndani ya kundi anayetangulia ni aliyejiandikisha mapema, hata kama nyuma yake kuna kanali.

Ukisafiri na mama watoto, angalia pasipoti yake. Akiwa bado na ya Kenya, kitambulisho cha jeshi hakimwingizi Ujerumani. Atafute kwanza viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya.

2. Jiandikishe, na utunze risiti. Mstaafu anaweza kujiandikisha siku 60 kabla. Aliye kazini asubiri likizo yake ianze ndipo atume. Tuma barua pepe kwa kila kituo unachoweza kuondokea: Dover, McGuire kule New Jersey, na uwanja wa Baltimore, ambako jeshi hukodi ndege za kawaida za abiria (hizo zina ada kidogo). Unaruhusiwa kutaja nchi tano. Mimi ya tano huandika "All", yaani popote. Siku hiyohiyo waandikie Ramstein kwa safari ya kurudi. Wengi husahau hapo, wakajikuta wa mwisho kwenye foleni ya kurudi.

Jibu la barua pepe lichapishe kwenye karatasi. Mwaka mmoja nilifika kituo fulani nikiwa na wiki tano kwenye orodha, jina halionekani, simu imeisha chaji. Nikaandikwa upya dakika ile. Nililala kwenye viti vya chuma usiku mbili.

Usishangae risiti ikisema siku ya 163. Wanahesabu siku za mwaka: katika mwaka wa siku 365, hiyo ni Juni 12.

3. Soma ratiba. Kila kituo hutangaza safari za saa 72 zijazo. Ukiona 20F, viti 20 ni vya uhakika. 10T ni vya kubahatisha. Na 0T isikufanye ugeuze gari. Nimeshapanda ndege iliyoandikwa hivyo, kwa sababu mzigo ulipunguzwa asubuhi. Juni hadi Agosti na Krismasi ni vurugu tupu, maana familia na walimu wa shule za jeshi wanatutangulia. Mimi huenda Februari.

4. Fika, ujulishe kuwa upo. Kuwa kwenye orodha hakutoshi; nenda kaunta ukaandikwe kuwa umefika. Saa ya kuita majina familia yote iwe imekaa hapo, mizigo pembeni, gari limeshaegeshwa mahali pa kudumu. Jina likiitwa na wewe uko msalani, wanaendelea na linalofuata.

5. Vaa kwa baridi. Viatu viwe vya kufunika miguu, kandambili hazipandi. Mabegi ni mawili, kila moja lisizidi kilo 32 hivi; ndege ndogo hazikubali uzito huo. C-5, ndege kubwa ya mizigo, ina viti 73 ghorofani, vyote vimetazama nyuma. Kwenye C-17, nayo ya mizigo, unakaa ubavuni, mgongo ukutani, mkitazamana na mzigo uliofungwa minyororo katikati. KC-135, ile ya kujaza ndege nyingine mafuta angani, ndiyo yenye visa: kichwa kinatoka jasho, miguu inaganda. Beba blanketi na vizibo vya masikio. Chakula ni kiboksi cha kununua, bei yake nafuu.

6. Ukishuka Ramstein, hakikisha watu wa uhamiaji wamesajili kuingia kwako, la sivyo utaulizwa maswali Frankfurt unapotoka. Uwe pia na pesa za tiketi ya kawaida ya kurudi Marekani. Jeshi halina deni la kukurudisha.

Na ile tiketi ya Nairobi usiinunue ukiwa bado Dover, hata ukiiona rahisi namna gani. Yangu niliinunua mapema mara moja tu. Ndege ya Nairobi iliondoka Frankfurt saa nne usiku, mimi nikiwa Delaware, nakula karanga, nasubiri majina yaitwe.