Somo: Kagua miguu kila jioni kama una kisukari

Wakubwa shikamooni. Wengi wetu hapa Moshi hungoja maumivu ndipo tuone daktari. Kwenye kisukari hilo halifai: sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu huharibika, mguu hufa ganzi, na mtu huchomwa msumari akaendelea na safari ya sokoni.

Hatua ya 1. Ukishanawa, kaa penye mwanga. Angalia unyayo, kisigino na katikati ya vidole. Huwezi kuinama? Laza kioo sakafuni, au mwite mjukuu. Tafuta lengelenge, mpasuko, sugu iliyopiga weusi, ukucha uliozama nyamani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, nenda hospitali hata kama hauumi.

Hatua ya 2. Fumba macho, mtu akuguse taratibu kwa ncha ya kidole chake kwenye vidole vya miguu: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Kati ya hivyo 6, usipohisi 2 au zaidi, mwambie daktari.

Hatua ya 3. Kabla ya kuvaa kiatu, pitisha mkono ndani. Mitumba ya soko la Memorial ina viatu imara, ila misumari nayo imo.

Hatua ya 4. Baridi ya Juni na Julai isikupeleke miguu kwenye jiko la mkaa. Vaa soksi. Maji ya kunawa yapime kwa kiwiko.

MASWALI

Mama wa Pasua: Baba mkwe ana kidonda kidoleni, hakiumi, anapaka majani. Tusubiri?
Jibu: Hapana mama, leo hii kituo cha afya. Kikinuka, kikiwa cheusi au akipata homa, hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huohuo.

Kaka wa Rau: Miguu inawaka moto usiku.
Jibu: Huenda ni dalili ya mishipa ya fahamu kuharibika, na dawa zipo. Kama unameza metformini (vidonge vya kisukari) miaka mingi, ulizia pia kipimo cha vitamini B12. Usiache dawa kienyeji.

Dada wa Kiboriloni: Mzee anatumia insulini. Akinywa mbege, alfajiri anatetemeka na kutoa jasho. Ni pombe tu?
Jibu: Pombe huzuia ini kutoa sukari, na insulini inaendelea kuishusha. Mpime sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asipoweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni, tafuteni gari.