Kupima choki ya antena: tumia wavu tu

Ukipima choki ya feraiti (kebo ya antena iliyozungushwa kwenye pete ya feraiti ili kuzuia mkondo usiotakiwa) kwa NanoVNA, kipimo kidogo cha masafa ya redio, unganisha wavu wa nje wa kebo (waya uliosukwa) pekee, kutoka tundu la CH0 hadi la CH1, kwa vipande vya waya vya sentimita mbili tatu. Mkondo tunaotaka kuuzuia hupita nje ya wavu, si ndani ya kebo. Hapa Dodoma nilianza na nyaya ndefu za klipu, kilele (masafa ambapo choki huzuia zaidi) kikahama kabisa! S21 (kiasi cha mawimbi kinachopita kutoka CH0 hadi CH1) ikisoma desibeli -30, una kizuizi cha takriban omu 3,000, inanitosha. Ukiongeza mizunguko, kilele hushuka kwenye masafa ya chini: bendi ya mita 80 (masafa ya chini) hufaidi, ya mita 10 (masafa ya juu) hubaki wazi. Kizuizi kikizidi omu elfu kadhaa, usiamini sana namba: kapasitansi ya nyaya zenyewe huiharibu.