Kuiga sini ya jiwe la kubingirika kwa mianzi na magazeti

Muvi za kusaka hazina zinapendwa sana kwenye vibanda umiza, na kila kundi la vijana lenye simu nzuri huja na wazo lile lile: tuiige yote, mwanzo hadi mwisho. Msifanye hivyo. Vijana watatu wa Ocean Springs, Mississippi, Marekani, walianza mwaka 1982 kuiga Raiders of the Lost Ark, muvi ya kusaka hazina ya Steven Spielberg, shoti kwa shoti, wakamaliza 1989. Hata hapo sini ya ndege ilikuwa imewashinda, wakaipiga 2014 wakiwa watu wazima. Kwenye kazi yao stelingi anaonekana kurefuka na kubadilika sauti kutoka sini moja hadi nyingine. Chagueni sini moja ya dakika mbili au tatu, muifanye ikae sawa.

Sini ya mwanzoni mwa muvi hiyo, ya jiwe linalomfukuza stelingi, inafaa sana kwa huku kusini mwa Tanzania, kwa sababu vifaa vyake vyote vinapatikana.

Kwanza itazameni sini ya asili mkiwa na daftari. Simamisheni kila picha inapokatwa, andikeni namba ya shoti, inachukua sekunde ngapi, kamera iko juu au chini, na nani anatoka upande gani. Stelingi akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia katika shoti ya 4, ya 5 isimgeuze, la sivyo mtazamaji ataona kama anarudi kwenye jiwe.

Jiwe lenyewe liwe na kipenyo cha mita 1.5. Likipungua hapo litaonekana dogo mno nyuma ya stelingi, na likizidi litasumbua kulibeba kwenye kirikuu. Pasueni mianzi mibichi kuwa fito za upana wa sentimita 3 na kuziloweka usiku mzima. Mwanzi mkavu hukatika ukipindwa. Mzingo wa duara la kipenyo hicho ni mita 4.71, kwa hiyo kateni fito za mita 5, ili ncha zipishane sentimita 29 na kufungwa mara tatu. Tengenezeni pete 7 za namna hiyo. Sita zisimame na kukutana juu na chini, moja ilale kiunoni. Ongezeni pete mbili ndogo za mzingo wa mita 3.33, moja katikati ya kiuno na juu, nyingine katikati ya kiuno na chini. Fungeni kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Waya unaonekana imara, ila ncha zake hutoboa karatasi na siku ya kupiga picha zitamchana mtu. Pale juu na chini fito sita zikipandiana sehemu moja hutoa nundu, na jiwe litaruka kama lori bovu kila linapozunguka. Zipishanisheni kidogo.

Juu ya mifupa hiyo shoneni viroba vya unga. Msitumie mifuko iliyobeba salfa ya mikorosho, vumbi lake linawasha macho vibaya. Kisha bandikeni karatasi za mifuko ya saruji na magazeti kwa gundi ya muhogo: koroga kikombe 1 cha unga kwenye vikombe 2 vya maji baridi, mimina kwenye vikombe 6 vinavyochemka, koroga hadi ing'ae. Tabaka tatu, kila moja ikauke kwanza. Mkiharakisha, ndani hubaki unyevu na jiwe linaota ukungu, na mbuzi nao wanaipenda sana gundi ile. Jiwe zima lisipite kilo 20. Pakeni rangi ya maji ya kijivu, nyunyizeni mchanga kabla haijakauka, na mkaa uliosagwa kwenye mikunjo. Chokaa hupasuka jiwe likibonyea, iacheni.

Lokesheni nzuri ni njia yenye kuta pande zote mbili na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10. Makorongo ya udongo mwekundu upande wa Newala yanafaa wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba. Baada ya mvua kuta zake huporomoka, msiingie. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo ni urithi wa dunia tangu 1981, si mahali pa kubingirishia kitu. Tena kuanzia Oktoba korosho zikianza kuanguka, waigizaji wenu wote watakuwa shambani.

Mwisho wa njia tandeni nyavu chakavu kati ya nguzo mbili ili zidake jiwe. Stelingi awe na upenyo wa kutokea pembeni mita 5 kabla ya hapo, na aukimbilie mara kadhaa bila jiwe kwanza.

Simu iwekwe kwenye picha 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo hata taa mkiwasha picha haitapepesa. Adhuhuri mwanga utazidi. Pigeni saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, au saa 10 na nusu jioni kuendelea. Mtu akae mita 12 mbele ya stelingi, simu usawa wa kiuno, lenzi ya kuvuta mara 2 au 3. Lenzi hiyo husogeza vitu karibu: jiwe lililo mita 6 nyuma litaonekana linamgusa kisigino. Lenzi pana hufanya kinyume na sini yote inakufa.

Kosa kubwa ni jiwe kuonekana jepesi, maana ni jepesi kweli. Shoti zenye jiwe peke yake pigeni kwa picha 50 kwa sekunde, kisha mzicheze kwa nusu ya mwendo. Watu wawili wakae nje ya picha wakirusha vumbi kavu na vikokoto vidogo nyuma ya jiwe linapopita. Vumbi ndilo linalomwambia mtazamaji uzito.

Sauti ya siku hiyo itakuwa ya kapu linaloburutwa, na kusi ikivuma hamtasikia hata hiyo. Itupeni. Wekeni mawe machache kwenye pipa tupu la lita 200, libingirisheni kwenye changarawe huku simu ikiwa imefungwa kitambaa kizito, hatua mbili tu kutoka hapo. Kwenye kuhariri ishusheni kuwa nzito, muilaze chini ya picha. Muziki pia mpige wenyewe, hata kwa ngoma. Mkiweka ule wa asili video inaweza kuzuiwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiwalindi. Kwa sababu hiyo hiyo msitoze kiingilio bila idhini ya mwenye muvi.